Vitambaa Vinane vya Mwalimu Kengele

Miguu ile ilikuwa hai.

Haya, pumueni. Najua wiki nzima mmekuwa mkimzika Fundi Saa, na wengine mlishaanza kuulizana nani atachukua saa zake za ukutani. Rudisheni majembe stoo. Dole gumba la mguu wa kulia, lile lililochungulia kwenye tundu la soksi, lilicheza mara moja, likatulia, likacheza tena.

"Mzee!" Mwalimu Kengele alipiga ukelele, mkoba ukamponyoka.

"Taratibu," sauti kavu ilijibu kutoka sakafuni. "Nimevunjika nyonga, sijawa kiziwi."

Kwa mgeni aliyelidaka gazeti hili leo, sogea nikuweke sawa. Mwalimu Kengele ni mwalimu mstaafu. Alipiga kengele ya shule miaka thelathini, na mpaka leo anawatazama watu wazima kama wamechelewa mstarini. Jirani yake mmoja alipofia chumbani na kukaa siku nne bila mtu kujua, Mwalimu aliapa haitatokea tena. Akaanzisha ulinzi wa wazee katika nyumba ile ndefu ya vyumba vinane, korido moja katikati, mzee mmoja kila chumba.

Sheria yake inaeleweka hata kwa mtoto. Kila asubuhi kabla ya saa moja, mzee anafunga kitambaa cha njano kwenye kitasa cha mlango wake, kwa mkono wake mwenyewe. Jioni anakitoa. Saa moja kamili majirani wa kujitolea wanapita. Kitambaa kipo, mzee ni mzima, wanapita. Hakipo, wanagonga. Hakuna jibu, wanavunja mlango.

Na kitambaa cha Fundi Saa kilikuwepo. Kilikuwepo leo Alhamisi, kilikuwepo jana Jumatano. Mwalimu asingeufungua mlango huu kama asingekuwa amefuata saa yake ya mkono aliyoiacha itengenezwe.

"Umeanguka lini?"

"Jumanne. Saa kumi na mbili na dakika nane jioni." Ndiyo, alikuwa fundi saa mpaka kwenye kuanguka. "Nilipanda stuli nirekebishe ile ya ukutani. Yenyewe haijadondoka. Nimedondoka mimi."

Mwalimu alihesabu kwa vidole. Jumanne jioni mzee yuko chini. Jumatano asubuhi kitambaa kiko juu. Sasa, mtu mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kwenda mlangoni, akafunga kitambaa kwa fundo zuri la kipepeo, kisha akarudi kulala palepale alipoangukia.

"Mzee, nani alikufungia kitambaa?"

"Kwanza maji. Maswali baadaye."

Alikunywa kikombe kizima, nusu ikimwagikia kifuani. Kabla hajamaliza, Msusi aliingia mbio, kitana kikiwa kimechomekwa kichwani. Ana chumba chake cha kusukia upande wa mbele wa nyumba hiyohiyo, na ndiye anayepita korido hii kila siku saa moja.

"Jamani! Mzee wangu! Mbona hukugonga?"

"Niligonga."

"Ulimgongea nani?"

"Wewe." Fundi Saa alinyoosha kidole kuelekea kandambili iliyokuwa karibu na mkono wake. "Jana, saa moja na dakika mbili. Koo lilikuwa limekauka, sauti haitoki, nikachukua hii nikagonga sakafu. Ukasimama hapo mlangoni, ukamwambia mwenzako, 'Msikie mzee na saa zake, huyo atatuzika sote.' Mkacheka. Mkaenda."

Msusi alikaa kwenye stuli. Stuli ileile.

"Na leo nimegonga tena. Ukasema, 'Leo kaanza kazi mapema.'"

Mwalimu Kengele hakumkaripia Msusi. Hakuweza. Yule mwenzake wa jana, aliyecheka mpaka akashika ukuta, alikuwa yeye.

"Piga simu," alisema kwa sauti ndogo. "Ita gari la wagonjwa."

Msusi alipiga. Wakamwambia nusu saa.

Mluzi ukasikika koridoni. Koplo huyo. Mnamjua: mzee wa chumba cha kwanza, mlinzi wa getini mstaafu, cheo amejipa mwenyewe na hakuna aliyewahi kumvua. Alichungulia, akaona miguu, mluzi ukakatika.

"Muulizeni huyo," alisema Fundi Saa. "Ule mluzi wake nimeusikiliza asubuhi mbili, umesimama mlangoni kwangu, mikono inafunga, kisha unaondoka."

"Koplo?" Mwalimu aligeuka. "Wewe ndiye uliyemfungia?"

"Nilidhani amelala bado, Mwalimu."

"Kwa hiyo jana na leo umemfungia."

Koplo alikuna shingo. "Mwalimu, mimi nafunga vyote."

"Vyote vipi?"

"Vitambaa vyote. Vinane. Jioni navitoa, nakunja, naweka kwenye kasha langu. Kila Jumapili nafua, napiga na pasi. Tangu wiki ya tatu ya mpango wako."

Mpango ulikuwa na siku mia mbili na tatu. Piga hesabu mwenyewe, mimi sina moyo.

"Mlikubaliana?"

"Tulikubaliana sote. Magoti yanauma alfajiri, Mwalimu. Mwingine anapenda kulala mpaka saa tatu. Akichelewa kufunga, mnakuja kugonga kama polisi, mtu anatoka na nguo ya kulalia. Mimi naamka saa kumi na moja sina kazi. Nikasema, lete."

"Unajua ulichofanya, wewe mzee?"

Hapo Koplo alinyanyua kidevu. "Najua. Nimekupa siku mia mbili na tatu bila tatizo hata moja. Umesimama kwenye mikutano, umepigiwa makofi. Mara ngapi umepita koridoni humu ukaona mafundo yanafanana kama mapacha? Mwalimu mzima, unayemkamata mwanafunzi aliyenakili hesabu kwa kuangalia mwandiko. Hukuuliza. Ulikuwa unayataka makofi."

Msusi aliona ni vizuri aangalie dari.

Na yote hayo, wapenzi, yanatokea siku gani? Siku ya Afisa wa Ustawi. Amepangiwa kufika saa nne asubuhi kuukagua mpango, na kalamu yake ikisema ndiyo, vitambaa vya njano vitafungwa kwenye mitaa kumi na miwili. Ikisema hapana, hata hii korido inarudi ilivyokuwa, mtu anakufa na majirani wanaambiwa na harufu. Kilichotakiwa ni Mwalimu aamue atamwambia nini.

"Nitamwambia ukweli," alisema.

"Usithubutu." Halikuwa neno la Koplo. Fundi Saa, kutoka sakafuni, alikuwa amemshika upindo wa gauni. "Binti yangu ameniapia: nikianguka nikakosa wa kuniokota, anakuja kunichukua. Ana chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta. Saa zangu hataki hata moja iingie, anasema zinampasua kichwa. Mwalimu, nitakaa pale kama kiti kibovu mpaka nife."

"Hospitali watamwita tu, mzee."

"Hospitali nitasema nimeanguka leo. Kuanguka leo ni ajali. Siku mbili sakafuni, hiyo ni sababu ya kunichukua."

Nje honi ililia mara mbili. Halikuwa gari la wagonjwa. Maofisa huwa wanachelewa; huyu, kwa kukomoa, alikuwa amewahi dakika kumi na tano.

"Fungeni mlango," alisema Fundi Saa. "Nimelala hapa siku mbili. Robo saa ndiyo itanishinda?"

Koplo alikuwa ameshatoka. Msusi alimtazama Mwalimu. Mwalimu alimtazama mzee, midomo iliyopasuka, macho yanayoomba. Akatoka. Akafunga.

Ndiyo, alifunga! Nyinyi mliokuwa mnamwita malaika kwenye barua zenu, kaeni chini mpewe maji na nyinyi.

"Shikamoo Mwalimu!" Afisa alikuja na viatu vinavyopiga sakafu, kifuani amekumbatia faili jekundu. Mwanamke wa makamo, mcheshi, wa haraka.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Wacha nione hivyo vitambaa vyenu maarufu! Siku ngapi sasa?"

"Mia mbili na tatu," Koplo alijibu kabla hajaulizwa, amesimama wima kama yuko getini.

"Bila hata tukio moja?"

"Hata moja, mama."

Afisa alipita mlango hadi mlango, akivigusagusa vitambaa kama mtu aliye dukani. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kwenye mlango wa tano alisimama, akatoa simu apige picha.

Ndani ukatoka mlio mmoja mdogo, kama wa mtu anayemeza mfupa.

"Huyu mzee hajambo?" aliuliza Afisa.

Msusi akaangalia viatu vyake. Koplo akatabasamu.

"Hajambo kabisa. Anatengeneza saa."

Mzaha uleule wa saa. Mwalimu Kengele alihisi kicheko chake cha jana kikimrudia kooni kama matapishi. Akamsukuma Koplo kwa kiwiko, akaufungua mlango hadi mwisho.

"Huyu hatengenezi saa," alisema. "Huyu ameanguka Jumanne. Tumepita hapa asubuhi mbili, tumemsikia akigonga, tumecheka. Kitambaa hakufunga yeye. Hakuna aliyefunga chake. Anayefunga vyote ni huyu hapa aliyekujibu. Na mlango huu, sasa hivi, nimeufunga mimi ili usimwone."

Afisa aliishusha simu yake.

Fundi Saa alifumba macho. "Siku mbili nakuomba uje," alisema polepole. "Umekuja, ukaniua."

Gari la wagonjwa lilifika. Vijana wawili wenye makoti meupe wakambeba kwa machela, naye hakumtazama tena Mwalimu. Mmoja alimuuliza amwandike nani kama ndugu wa karibu. Akataja namba ya binti yake, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti ya mtu anayesaini hukumu yake.

Sasa ungetegemea Afisa amlaumu Mwalimu. Amfokee, apasue fomu. Subiri.

Afisa alimvuta Mwalimu pembeni, akashusha sauti. "Mwalimu, mbona unajichoma mwenyewe? Mzee ameanguka leo asubuhi. Nyinyi mmemkuta ndani ya dakika chache. Ameitiwa gari. Hiyo siyo kasoro, huo ndio ushuhuda niliokuwa nautafuta!"

"Lakini ni uongo."

"Ni lugha ya ripoti. Kikao ni kesho. Nimeutangaza mpango huu miezi sita, nimeuwekea jina langu mbele. Nikaseme nini? Kwamba korido nzima ilikuwa inacheza maigizo?"

"Mama amesema vizuri," alidakia Koplo. "Na mzee mwenyewe ndivyo alivyotaka."

"Kweli, Mwalimu," alisema Msusi, machozi yakiwa bado mashavuni. "Mzee wetu ashapona... yaani, atapona. Tuangalie ya mbele."

Mwanamke aliyezoea darasa zima kumsikiliza alijikuta peke yake dawatini. Faili lilikuwa limefunguliwa mbele yake. Kalamu ilikuwa inamngoja. Hapo sahihi ya mwanzilishi, pale tarehe.

Aliichukua kalamu.

"Nitasaini," alisema.

Koplo akashusha pumzi.

"Lakini kwanza tugonge. Milango yote, sasa hivi, mbele yako wewe Afisa. Kila mzee aitike kwa mdomo wake. Wakiitika wote, nakusainia uongo wako na namba ya viatu vyangu juu. Asipoitika mmoja, unaandika ninachokuambia mimi, neno kwa neno."

Afisa alitazama saa. "Dakika tano."

"Zinatosha."

Wakagonga wa pili.

"Nani tena?" Bibi mmoja alifoka ndani. "Si kitambaa kipo? Au siku hizi mnataka na kucheza ngoma?"

Wa tatu.

"Nipo, nipo! Nimekaa pabaya, msiingie!"

Wa nne alifungua akiwa na mswaki mdomoni, akawatazama wote, akafunga. Wa tano mnajua yuko wapi. Wa sita aliuliza kama kuna aliyekufa. Alipoambiwa hakuna, alionekana kusikitika kidogo. Wa saba alisema, "Mwambieni Koplo leo kanifungia vibaya, kimedondoka," halafu akagundua nani anagonga, akanyamaza ghafla.

Afisa alikuwa anacheka. "Umeona, Mwalimu? Wazima wote. Lete sahihi."

"Bado mmoja."

Mlango wa nane, mwisho wa korido. Humo anakaa bibi aliyeletwa na mwanaye miezi miwili iliyopita, bwana wa suti mwenye haraka. Ndiye aliyejaza fomu. Alisema mama hapendi wageni, kitambaa kinamtosha. Daftari la Mwalimu huandika namba za vyumba tu, si majina. Bibi huyo alikuwa "Nane", basi. Mwalimu alimwona mara moja, tena mgongo.

Alipoinua mkono agonge, Koplo alikuwa ameshasimama katikati yake na mlango.

"Huyu mwache, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Anapumzika."

"Kila unayemfungia wewe anapumzika. Pisha."

"Mwalimu, nakuheshimu. Huyu mwache. Nilimpa mtu neno langu."

"Koplo," alisema Mwalimu kwa ile sauti iliyowahi kunyamazisha wanafunzi mia nne, "pisha."

Koplo akapisha.

Kitambaa cha mlango huu kilikuwa kimefungwa tofauti. Hakikuning'inia kama vingine. Kilikuwa kimezungushwa kwenye kitasa mara nyingi, kinene kama bandeji. Mwalimu alikifungua, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka chini yake kikatokeza chuma.

Kufuli. Jipya, linang'aa. Limefungwa kwa nje.

"Mungu wangu," alisema Msusi.

"Mwanaye aliniomba nilifunike," Koplo alisema haraka haraka. "Alisema mama anatangatanga, akitoka atapotea. Ufunguo anao yeye. Anakuja jioni na chakula. Siku nyingine anakuja. Siku nyingine... ana kazi nyingi."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

Koplo alianza kuhesabu kwa vidole.

Mwalimu aligonga. "Bibi! Hodi bibi! Hujambo?"

Kitu kilijikokota ndani. Polepole, kikaja mpaka mlangoni. Kisha sauti ikasikika, ya chini sana, karibu na sakafu, ya adabu kama ya mtoto aliyeadhibiwa.

"Mwambieni mwanangu nimenyamaza kama alivyosema. Sijapiga kelele hata siku moja. Ila maji yameisha tangu juzi."

Nyuma yao kitu kilianguka kikasambaa. Lilikuwa faili jekundu. Karatasi za mitaa kumi na miwili zilitawanyika koridoni, na Afisa alikuwa anazikanyaga kwa visigino vyake akija mlangoni, uso umepauka.

"Hiyo sauti," alisema. "Hiyo sauti naijua."

"Unamjua bibi huyu?" Mwalimu aliuliza.

"Kaka alisema amempeleka mama kwa shangazi. Alisema huko simu haishiki." Alikuwa ameshaweka viganja vyote viwili mlangoni. "Ni mimi niliyemwambia. Mezani, tunakula. Nilimwambia, hakuna mahali salama kwa mzee kama nyumba ile ya vitambaa, hakuna anayegonga kukusumbua ukishakuwa na kitambaa... Nilikuwa najisifu. Nilikuwa najisifu tu!"

Akapiga magoti, mdomo ukakaribia tundu la ufunguo.

"Mama! Mama, ni mimi! Ni binti yako, mama, nimekuja, tunavunja sasa hivi!"

Ndani yule bibi akaanza kujikokota tena, lakini safari hii anarudi nyuma, anaukimbia mlango.

"Binti yangu amekufa," ilisema sauti, sasa inatetemeka kwa woga. "Kaka yake aliniambia walishamzika. Nimemlilia humu miezi miwili. Wewe unayemwigiza sauti ni nani, na mmekuja kunifanya nini?"